Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: X-Men Walivyorudi

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ilitoa kitabu cha katuni kinene kuliko kawaida: kurasa 68 kwa senti 50 za Marekani, wakati vitabu vyake vya kawaida viliuzwa senti 25. Kiliitwa Giant-Size X-Men. Jalada lake, kazi ya Gil Kane na Dave Cockrum, linaonyesha kundi jipya la mashujaa likipasua picha ya kundi la zamani na kumtokea msomaji mbele. Kibiashara, Marvel ilikuwa inafufua jina lililolala kwa miaka mitano. Kihadithi ilifanya jambo gumu zaidi, kwani iliwarudisha X-Men kwa kuwaondoa karibu wote waliokuwa X-Men.

Jambo hilo linastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua. Kila baada ya miaka michache kampuni za katuni za Marekani hutangaza kwamba kundi fulani pendwa limerudi, na mara nyingi kinachorudi ni mavazi, majina na nembo. X-Men ni mfano wenye mafunzo kuliko mingine kwa sababu wamerudishwa kwa njia zinazopingana. Mwaka 1975 mlango ulifunguliwa kwa wageni. Mwaka 1986 wakaitwa wenyeji wa asili. Ukiweka mbinu hizo mbili bega kwa bega, unaona wazi ni nini hasa kinachofanya kundi la zamani liwe hai tena.

Kwanza tuone kilikufa nini. Stan Lee na Jack Kirby walianzisha X-Men mwaka 1963. Wazo lao lilikuwa kwamba baadhi ya watu huzaliwa na nguvu za ajabu kutokana na badiliko la vinasaba, kwa hiyo huitwa mutanti, na jamii inawaogopa na kuwachukia. Profesa Charles Xavier, mtu anayetumia kiti cha magurudumu na anayeweza kusoma mawazo, aliwakusanya vijana watano katika shule yake jimboni New York: Cyclops, Jean Grey, Beast, Angel na Iceman. Wazo lilikuwa zito, lakini michoro haikulibeba. Wote watano walikuwa Wamarekani weupe, vijana wa kupendeza ambao wangeweza kupita mtaani bila mtu kugeuka. Angel alificha mabawa yake ndani ya nguo. Beast alikuwa na mikono na miguu mikubwa tu. Cyclops alihitaji miwani. Msomaji aliambiwa kwamba watu hawa wanachukiwa, ila hakuona kwa macho yake sababu ya chuki hiyo wala uchungu wake.

Mauzo yakadorora. Mwaka 1969 mwandishi Roy Thomas na mchoraji Neal Adams walileta kurasa nzuri ajabu, ila hazikutosha kuliokoa jarida. Hadithi mpya zilikoma kwenye toleo namba 66, Machi 1970. Miezi michache baadaye jina likarudi vibandani, lakini kuanzia toleo namba 67 mpaka namba 93 jarida lilichapisha hadithi za zamani tu. Kampuni haikuwa na gharama ya kuandikisha wala kuchorisha upya. Karatasi na wino vilitosha kulinda nafasi ya jarida kwenye vibanda vya magazeti. Ndivyo X-Men walivyoishi kwa miaka mitano, jina likiuzwa huku hadithi ikiwa imesimama. Wahusika wenyewe walitembelea majarida ya wenzao, na Beast, aliyeota manyoya mwaka 1972, ndiye pekee aliyepata maisha mapya ya maana huko nje.

Chanzo cha kufufuliwa kwao kilikuwa hesabu ya fedha, na hilo halipunguzi thamani ya kilichofuata. Al Landau, rais wa Marvel wakati huo, alipendekeza kundi lenye mashujaa wa nchi mbalimbali, akitumaini kwamba vitabu vingeuzika katika nchi hizo. Kazi ikamwangukia mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, nao wakachagua nchi kwa kufuata vionjo vyao kuliko ramani ya masoko. Colossus alitoka kwenye shamba la ushirika huko Siberia, katika Muungano wa Kisovieti uliokuwa hauna haja na vitabu vya Marvel. Nightcrawler alikuwa Mjerumani. Thunderbird alikuwa Mwapache wa Marekani. Wolverine, Mkanada aliyekuwa ametokea mwaka uliotangulia katika jarida la Hulk, akaongezwa. Banshee wa Ireland na Sunfire wa Japani walitolewa katika matoleo ya nyuma. Na kutoka Kenya akaja Ororo Munroe, aitwaye Storm, mwanamke anayeamuru upepo, mvua na radi.

Angalia jinsi Nightcrawler anavyoingizwa. Tuko kwenye kijiji cha Winzeldorf, usiku. Umati wenye mienge unamkimbiza kijana mwenye ngozi ya buluu, vidole vitatu kila mkono, masikio yaliyochongoka na mkia. Wanataka kumwua. Xavier anawagandisha wote kwa nguvu za akili, kisha wawili hao wanazungumza. Kijana anauliza kama profesa anaweza kumfanya awe mtu wa kawaida. Xavier naye anamuuliza kama, baada ya aliyoyaona usiku huo kwa hao watu wa kawaida, bado anataka kufanana nao. Kijana anajibu kwamba anachotaka ni kuwa Kurt Wagner aliye kamili. Kurasa hizo chache zinafanya kazi ambayo matoleo 66 ya kwanza yalishindwa kuifanya. Chuki ina sura, ina mienge mkononi, na anayechukiwa hawezi kujificha ndani ya koti.

Hapa ndipo methali ya mgeni na mwenyeji inapotimia. X-Men walianzishwa kama habari ya watu waliotengwa, na wale watano wa mwanzo hawakuwa na namna ya kuibeba. Wageni walikuja na kutengwa kwao tayari: kwa rangi, kwa lugha, kwa dini, kwa umbo. Nyumba ya Xavier ikapata sababu ya kuwepo.

Hadithi yenyewe ya kitabu hicho ni ya uokoaji. Kundi la zamani limetekwa katika kisiwa cha Krakoa, nacho kisiwa kinagundulika kuwa kiumbe hai kinachojilisha nguvu za mutanti. Wageni wanakwenda kuwatoa. Katika toleo lililofuata, namba 94, wenyeji wanaaga mmoja baada ya mwingine, akiwemo Jean. Anabaki Cyclops peke yake, kwa sababu hawezi kuizuia miale ya macho yake na hana mahali pengine pa kuishi. Hilo ni wazo la busara sana. Aliyebaki ni yule anayefanana zaidi na wageni.

Kuanzia toleo hilo aliyeandika ni Chris Claremont, kijana wa miaka 24 ambaye naye alizaliwa nje ya Marekani, huko London. Aliandika habari za X-Men mfululizo mpaka mwaka 1991. Toleo lake la pili, namba 95, lilimwua Thunderbird: alining'inia kwenye ndege ya adui inayotoroka, akakataa kumsikiliza Xavier aliyemsihi kwa mawazo aachie, na ndege ikalipuka naye. Waundaji waliona hasira zake zinafanana mno na za Wolverine. Mimi bado naona ni uamuzi mbaya kwamba wa kwanza kutolewa kafara awe mwenyeji wa ardhi ile kwa asili, Mwapache pekee katika kundi, baada ya kupewa kurasa chache kiasi hicho. Lakini kifo kile kiliwafundisha wasomaji kwamba katika jarida hili jambo likitokea, limetokea.

Mafanikio hayakuja kwa kishindo. Kwa miaka mitatu jarida lilitoka mara moja kila miezi miwili, mpaka mwaka 1978 lilipoanza kutoka kila mwezi. John Byrne alichukua kalamu ya uchoraji mwishoni mwa 1977, na yeye na Claremont wakajenga hadithi zilizoendelea kwa miezi na miezi, mbegu ikipandwa leo na kuvunwa baada ya mwaka mzima. Jean Grey alikuwa amerudi na kupata nguvu za kutisha za Phoenix. Katika hadithi ya mwaka 1980 anaimeza nyota na kuangamiza sayari yenye watu bilioni tano. Claremont na Byrne walikuwa wamepanga anyang'anywe nguvu kisha aishi. Mhariri mkuu, Jim Shooter, alikataa, akisema kosa la namna hiyo haliwezi kupita bila malipo makubwa kuliko hayo. Kurasa za mwisho zikachorwa upya, na katika toleo namba 137 Jean akajiua mwezini, mbele ya Cyclops. Mwisho ule wa kulazimishwa ndio ulioipa hadithi uzito wake. Mwaka 1984 Marvel ilichapisha pia mwisho wa awali, na ukiisoma miwili kwa pamoja utaona kwamba mhariri alikuwa sahihi.

Sasa niseme kuhusu Ororo, kwani msomaji wa Kiswahili ana haki naye kuliko mhusika mwingine yeyote humo. Mwaka 1975 Xavier anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu. Watu wanapiga magoti kumwomba mvua, naye anainua mikono, nywele zake nyeupe zikipeperuka, na mvua inanyesha. Kama mchoro, ukurasa huo ni wa kuvutia. Kama picha ya Kenya, ni ya ovyo. Nchi ile ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, miezi michache tu baada ya toleo la kwanza la X-Men. Kufikia 1975 ilikuwa na chuo kikuu, magazeti, mabasi ya abiria, bunge na ugomvi wake wa kisiasa. Yote hayo hayamo. Kuna uwanda, vibanda na watu wasio na majina. Hadithi nyingine zinamweka Ororo katika Serengeti kana kwamba ni mali ya Kenya, ingawa mbuga hiyo iko Tanzania na upande wa Kenya uwanda uleule unaitwa Maasai Mara. Makosa haya yanaumiza kwa kuwa yalikuwa rahisi kuepukika. Ramani ya kawaida ya shule ingetosha.

Hata hivyo kilichofuata kinastahili heshima. Mwaka 1976, katika toleo namba 102, Claremont alimpa Ororo ukoo. Baba yake ni David Munroe, mpiga picha wa habari kutoka Harlem. Mama yake ni N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya. Wazazi walihamia Cairo, wakauawa mwaka 1956 wakati wa vita vya Suez, ndege ilipoangukia nyumba yao. Mtoto alifukiwa kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia kufungiwa mahali padogo. Akalelewa na wezi wa mitaani Cairo kabla ya kutembea kuelekea kusini, kwa watu wa mama yake. Ghafla yule mungu wa ukurasa wa 1975 ana historia iliyofungamana na historia halisi ya Afrika: wahamiaji, vita vya kikoloni, jiji, yatima. Woga wake wa kufungiwa unakuwa udhaifu wa kweli ambao adui anaweza kuutumia, na hutumiwa.

Baada ya Cyclops kuondoka kufuatia kifo cha Jean, Ororo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi. Mwaka 1984 alipoteza nguvu zake, na hapo Claremont akaandika kurasa bora kabisa za mhusika huyu, akishirikiana na mchoraji Barry Windsor-Smith. Katika toleo namba 198 la mwaka 1985 Ororo anatembea Afrika Mashariki bila uwezo wa kuita hata wingu, na katika kijiji kilichochoka kwa ukame anamsaidia mwanamke kujifungua. Mwanamke aliyewahi kuabudiwa kwa kuleta mvua anatumia mikono mitupu. Kijiji bado kimechorwa kwa mbali kuliko ambavyo ningependa, lakini swali linaloulizwa ni la watu wazima: mtu akinyang'anywa kilichomfanya aheshimiwe, kinabaki nini?

Jibu lilitoka haraka. Katika toleo namba 201, lenye tarehe ya Januari 1986, Cyclops amerudi na anadai uongozi wake wa zamani. Wanapambana katika chumba cha mazoezi, yeye akiwa na miale yake, Ororo akiwa hana chochote. Ororo anashinda. Anatumia giza, kona za chumba na ujanja aliojifunza utotoni mitaani Cairo, kisha anamvua Cyclops kifaa cha machoni. Mwenyeji wa kwanza wa nyumba ameshindwa kwa haki na mgeni wa 1975. Sidhani kuna tukio linaloeleza vizuri zaidi jinsi uamuzi wa miaka kumi na moja nyuma ulivyokamilika.

Na papo hapo, mwezi uliofuata, Marvel ikatoa jarida jipya liitwalo X-Factor, ambamo wale watano wa 1963 walirudi pamoja. Ili watimie watano, Jean alilazimika kufufuliwa. Mbinu iliyotumika, iliyobuniwa na Kurt Busiek na kusimuliwa katika majarida ya Avengers na Fantastic Four, ilikuwa kwamba aliyekufa mwezini hakuwa Jean hasa, ni nguvu ya Phoenix iliyochukua sura yake, na Jean halisi alikuwa amelala muda wote ndani ya ganda chini ya maji ya ghuba ya Jamaica, New York. Ni mbinu yenye akili. Lakini tazama gharama yake. Kifo kilichowaliza wasomaji mwaka 1980 kilifutwa. Cyclops, ambaye wakati huo alikuwa na mke, Madelyne Pryor, na mtoto mchanga, aliwaacha wote wawili aliposikia Jean yu hai. Tena kundi lenyewe lilijifanya shirika la kukodiwa kuwasaka mutanti, ili liwaokoe kwa siri, huku matangazo yake yakisambaza chuki ileile lililodai kupambana nayo.

Mashabiki wengi walifurahi kuwaona watano wakiwa pamoja, na siwalaumu. Kuna raha ya kweli katika kukutana na watu uliowapenda ukiwa mtoto. Tatizo ni kwamba jarida lilitaka sura za zamani zirudi bila kuwa na neno jipya la kusema kupitia kwao. Watu wazima walirudishwa wakae kama wanafunzi waliowahi kuwa, na ili watoshee ilibidi maisha yao yaliyofuata yavunjwevunjwe.

Aliyeliokoa ni mwandishi Louise Simonson, aliyeingia toleo namba 6 na baadaye kushirikiana na mumewe, mchoraji Walter Simonson. Hakujifanya kwamba makosa hayapo. Aliyafanya kuwa hadithi. Wazo lile baya la matangazo likagundulika kuwa hila ya mtu wao wa uhusiano wa umma, Cameron Hodge, adui aliyejipenyeza. Angel alipoteza mabawa yake na kurudi akiwa na ya chuma, yeye mwenyewe akiwa amegeuka kiumbe cha kutisha, hivyo yule kijana aliyeficha mabawa ndani ya nguo sasa hakuweza kuficha kitu. Cyclops alilazimika kukabili alichomtendea Madelyne, na Madelyne mwenyewe, mwanamke aliyetendewa vibaya kuliko wote katika mkasa huu, akaishia kufa mwaka 1989 baada ya hasira zake kugeuzwa kuwa uovu. Kwa hilo la mwisho siwezi kuwasamehe waandishi wowote waliohusika. Lakini kwa jumla jarida lilianza kupumua pale lilipowaruhusu wale watano wabadilike.

Mwaka 2012 Brian Michael Bendis na mchoraji Stuart Immonen walijaribu njia ya tatu katika All-New X-Men. Waliwaleta wale watano wangali vijana, moja kwa moja kutoka zamani, wakaingia katika dunia ambamo Cyclops mtu mzima amemwua Xavier. Kijana anasimama mbele ya mtu atakayekuwa. Jean anasoma habari za kifo chake. Hapa sura za zamani zilirudi kama zilivyokuwa, lakini ziliwekwa mahali ambapo uzamani wao ulikuwa unawauma. Miezi ya kwanza ya jarida hilo ni mizuri sana. Vijana wale walikaa mno, kwa maoni yangu, mpaka wakarudishwa kwao mwaka 2018.

Kisha, mwaka 2019, Jonathan Hickman akachukua Krakoa, kile kisiwa kilichokula mutanti mwaka 1975, akakifanya nchi yao. Wakapata lugha, sheria, biashara ya dawa, na njia ya kufufua kila aliyekufa. Thunderbird mwenyewe aliwahi kuwa miongoni mwa waliorudi. Ororo alipanda ngazi nyingine na kuongoza kwenye sayari ya Mars. Kipindi hicho kilifungwa mwaka 2024, na mwaka huohuo Marvel ikaanzisha jarida la Storm lililoandikwa na Murewa Ayodele, mwandishi wa Nigeria, likichorwa na Lucas Werneck.

Kwangu hatua hiyo ni mwendelezo halisi wa 1975 kuliko kukusanywa upya kwa wale watano kutakakofanyika tena siku yoyote. Safari hii mgeni aliyefunguliwa mlango ni mwandishi. Bado kuna kazi. Ororo anajua Kiswahili, hadithi zenyewe zinatambua hivyo, lakini watu wa mama yake hatujawahi kukaa nao sebuleni. Hatujui bibi yake alisema nini siku N'Daré alipoolewa na Mmarekani mwenye kamera. Hatujamwona Ororo akibishana na shangazi mjini Nairobi kuhusu mashamba, au akiulizwa na mkulima wa Kitui kwa nini mvua yake iliwanyeshea wengine. Mwandishi wa Kenya akipewa kurasa ishirini za jarida hilo, anaweza kuanzia hapo.